Maswali ya Wasomaji: systemd+ ni nani?

SWALI: Nikiandika ps aux (amri ya kuorodhesha michakato, yaani programu zinazoendeshwa) kwenye seva yangu ya Linux, mistari kadhaa inaonyesha mtumiaji systemd+, ambaye hayumo ndani ya /etc/passwd, faili la orodha ya watumiaji. Mchakato mwingine una namba 999 badala ya jina. Je, nimevamiwa?

JIBU: Hayo peke yake si dalili ya uvamizi. Safu ya USER ina nafasi ya herufi 8 tu. Jina likizidi hapo, ps huchapa herufi 7 za mwanzo na kumalizia na alama ya kujumlisha. Kwa hiyo systemd-resolve na systemd-network wote huonekana systemd+, na skripti inayosaka jina kamili katika safu hiyo kwa grep au awk (zana za kuchuja maandishi) hutoka mikono mitupu. Panua safu:

ps -eo user:32,pid,args

Ukimtaka mtumiaji mmoja, usichuje kwa grep. Amri ps -u systemd-resolve hulipokea jina zima. Ndani ya top, amri inayoonyesha michakato moja kwa moja, bonyeza X kubwa, andika 10, kisha Enter. W kubwa huhifadhi mpangilio.

Namba 999 ni habari nyingine. Kerneli, kiini cha mfumo, haijui majina, inajua namba tu. Ps ndiyo inayoitafutia kila namba jina lake. Jaribu:

getent passwd 999

Usipopata kitu, huenda akaunti ilifutwa huku mchakato wake ukiendelea, au mchakato umo ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya seva) yenye /etc/passwd yake. (Matoleo ya zamani ya ps yalichapa namba hata kwa jina refu tu, kwa hiyo angalia umri wa mfumo.) Kontena ina mtego mbaya zaidi: kama kwenye seva 999 ni ya mtumiaji mwingine, ps itachapa jina lake, na utamlaumu asiyehusika. Kama PID (namba ya mchakato) ni 4127, soma /proc/4127/cgroup. Mara nyingi utaona humo kitambulisho cha kontena.

SWALI: Mbona nikiendesha passwd, amri ya kubadilisha nenosiri, ps inasema ni root?

JIBU: USER huonyesha mwenye mamlaka yanayotumika, si aliyeianzisha programu, na passwd ina biti ya setuid, inayoifanya iendeshwe kwa mamlaka ya mwenye faili lake, yaani root. Waone wote wawili:

ps -eo ruser:32,euser:32,pid,args

Jina lako litakuwa chini ya RUSER.