Viungo vya fajita, tengeneza mwenyewe
Dada ulouliza viungo vya fajita (nyama ya vipande inayokaangwa na hoho) bila kununua zile pakiti za supamaketi, mbona rahisi tu. Binzari nyembamba nunua nzima pale Kariakoo, ya unga achana nayo, ikaange kavu kwenye moto mdogo mpaka inukie ndo utwange, utamu wote uko hapo, ila ikiungua mwaga maana inakuwa chungu. Weka hiyo binzari vijiko viwili vya chai, paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali) viwili, kitunguu swaumu cha unga kimoja, chumvi kimoja, pilipili ya unga nusu, oregano (majani makavu ya kiungo) ukiipata. Masala ya pilau usitie kabisa, karafuu na mdalasini zitakugeuzia msosi wa Texas na Meksiko uwe biriani 😂 Hiyo inatosha nusu kilo ya nyama, kamulia ndimu, iache kama saa nzima, kaanga moto mkali na hoho.