Gego lililozibwa kwa dawa nyeupe siku nne zilizopita linauma nikitafuna, nirudi kwa daktari?

Rudi, dada. Gego lililozibwa kwa dawa nyeupe siku nne zilizopita, halafu likauma ukitafuna tu, mara nyingi limejazwa juu kupita kiasi. Ukiwa na ganzi hung'ati sawasawa, hivyo kipimo cha mng'ato cha siku ile hudanganya. Utang'ata karatasi ya rangi, na palipoacha doa zito patachongwa. Kwa kawaida hata sindano haihitajiki.

Likisawazishwa na bado linauma, uliza dawa iliwekwaje. Kompositi ya kawaida, yaani hiyo dawa nyeupe, huwekwa kwa tabaka zisizozidi milimita 2, kila moja ikimulikwa taa ya buluu kwa takriban sekunde 20. Ikishindiliwa yote kwa mkupuo, ya chini haigandi vizuri, na inaposinyaa huvuta kuta za jino. Mate nayo yakigusa jino baada ya kupakwa asidi ya kuliandaa, gundi ya kushikiza dawa haishiki; ule mpira wa kutenga jino, ambao wengi huona kero, una kazi yake.

Ila usisubiri miadi kama linauma lenyewe usiku, au chai ya moto inaliacha likipwita dakika kadhaa. Hapo huenda kiini, sehemu hai ya ndani yenye neva, kimeharibika na litahitaji tiba ya mzizi, yaani kusafishwa na kuzibwa ndani. Kwa sasa tafunia upande wa pili.