Jibu: Tangazo la utafiti wa vinasaba limeleta watu wa kundi moja tu

Umeuliza kwa nini tangazo lako la mtandaoni limeleta watu wa asili moja, tena wengi wasomi. Tangazo kama hilo huwapata wenye muda wa mchana na ambao tayari wanaziamini hospitali. Usilirudie, badili njia. Hasara ya kuacha makundi mengine nje ni kubwa: mabadiliko ya jeni la PCSK9 yanayoshusha lehemu (kolesteroli) katika damu, yaliyofungua njia ya dawa mpya, yaliripotiwa mwaka 2005 kuonekana miongoni mwa Wamarekani Weusi.

Kaa na wawakilishi wa jamii husika kabla fomu ya ridhaa haijachapishwa, wakiwa bado na nafasi ya kuibadilisha. Swali litakalokurudia ni hili: sampuli yangu itakwenda wapi, na nani atafaidika? Kwa hiyo tenganisha ridhaa: ya utafiti huu, ya kuhifadhi sampuli, na ya kuwapa data watafiti wengine. Kisha mwombe mshiriki aeleze kwa maneno yake alichoelewa. "Ndiyo" peke yake haitoshi.

Wengi huona kutoa sampuli ya mate ni rahisi kuliko ya damu, lakini ya mate huharibika kwa uzembe mdogo. Mshiriki asile, asinywe wala asivute sigara dakika 30 kabla. Kwa kichupa cha mililita 2, mate yenyewe yafike mstarini, povu halihesabiwi.

Nauli ilipwe siku hiyohiyo.

Kwa kila kundi, hesabu walioombwa, waliokubali, waliotoa sampuli na sampuli zilizofaa. Wakikubali wengi lakini wachache wakafika, tatizo ni saa au usafiri, si imani.