Biti zinazochechemea: maswali yenu kuhusu J Dilla

Toleo lililopita tuliandika aya mbili tu kuhusu prodyuza J Dilla wa Detroit, Marekani, tukasema dramu zake zilikuwa zinachechemea kama mtu aliyekanyaga mwiba, na toka siku hiyo simu ya safu hii haijatulia. Kumbe mko wengi mnaompenda. Ukurasa mzima leo ni wake.

Shikamoo kaka. Natengeneza biti nyumbani huku Tandika, kompyuta yenyewe ya kuazima. Jamaa zangu kila wakisikia wanasema dramu zako zimechelewa, zipange kwenye gridi. Sasa nyie mmeandika huyo Dilla na yeye zilikuwa hazikai sawa, mbona yeye anaitwa fundi mimi naambiwa sijui?

Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenigusa maana na mimi yalinikuta, zamani nilipeleka wimbo studio moja hapa mjini, fundi akavuta dramu zote akazinyoosha bila hata kuniuliza, wimbo ukarudi umenyooka na umekufa, nikakaa nao miezi siuwezi kuusikiliza.

Ngoja nikueleze vizuri. Kwenye mashine za biti kuna ile kwantaizi, kazi yake ni kulishika kila pigo ulilopiga kwa kidole na kulisogeza likakae kwenye mstari wa karibu wa gridi, ile mistari inayogawa muda sawasawa, ukikosea kidogo mashine inakusahihisha. Halafu kuna swingi, ambayo inachelewesha kidogo lile pigo la pili katika kila mawili ili mdundo uyumbe kama mtu anayetembea kwa maringo. Wengi wakitengeneza biti wanachagua moja, ama kila kitu kimenyooka ama kila kitu kinayumba. Dilla alichofanya ni kuviweka vyote kwa wakati mmoja, haihati zake, vile visahani vya dramu vinavyolia tsi-tsi, zinaweza kwenda zimenyooka kabisa huku kiki, lile pigo zito la chini, inayumba au imechelewa, na snea, ile dramu yenye mlio mkali, yeye alipenda kuiwahisha kachembe, yaani inakata kabla hujaitegemea. Ndo maana ukisikiliza shingo inaenda mbele na nyuma hujui unafuata nani. Mashine yake ilikuwa Akai MPC3000, ile aliyoibuni Roger Linn ikatoka 1994, na ina sehemu ya kusogeza pigo moja moja mbele au nyuma kwa kipimo kidogo sana, na Dilla aliijua ile mashine kuliko watu wanavyojua simu zao.

Kwa hiyo watu wanaposema Dilla alizima tu kwantaizi akapiga ovyo, hapana bwana, hiyo inamkosea heshima. Alichagua. Hapo ndipo jibu lako lilipo mdogo wangu: cheza biti yako halafu jiulize, hii kiki imechelewa kwa sababu nimeitaka hapo au kidole kilichoka? Kama umeitaka iache, na jaribu kuchelewesha kitu kimoja tu huku vingine vimenyooka, maana kikichelewa kila kitu msikilizaji hana cha kulinganisha, anaona biti inaenda taratibu tu basi.

Na usikate tamaa na hao jamaa zako. Questlove, mpiga dramu wa kundi la hip-hop la The Roots, amesimulia mara nyingi aliposikia kiki ya Dilla kwa mara ya kwanza kwenye wimbo wa kundi la rap la The Pharcyde alishangaa, kwa sababu ilikuwa imekaa pasipotegemewa kabisa, na huyo ni mtu ambaye sifa yake yote ilikuwa kupiga sawa kama saa. Baadaye akajifundisha upya kupiga, ukisikiliza albamu ya mwimbaji D'Angelo inayoitwa Voodoo ya 2000 utasikia binadamu mwenye fimbo mbili anahangaika kuchechemea kama mashine ya Dilla.

Niaje. Mimi ni msomaji wa Nakuru. Huyu msee kila mtu anamsifu lakini nikitafuta albamu zake naona chache sana. Kwani alifanya nini miaka yote hiyo? Na ni ukweli alikuwa pia rapa?

Dada yangu wa Nakuru (au kaka, hukusema, unisamehe), kazi alifanya nyingi mno ila nyingi ziko ndani ya majina ya watu wengine, na mimi hili linaniuma.

Tuanzie nyumbani. Jina lake James Dewitt Yancey, kazaliwa Detroit tarehe 7 Februari 1974, mtaa wa Conant Gardens, baba mpiga besi, mama anaimba, na mama huyo ndiye watu wa hip-hop wanamwita Ma Dukes mpaka leo. Shule ya sekondari ya Pershing akakutana na T3 na Baatin, hao watatu ndo wakawa kundi la rap la Slum Village. Mwanamuziki wa mtaani kwao Amp Fiddler, aliyekuwa anapiga kinanda na kundi la George Clinton, akamfungulia mlango wa nyumba yake akamfundisha MPC, tena kwa kumwachia aichokonoe mwenyewe bila kitabu cha maelekezo. Mwaka 1994 Fiddler huyohuyo akiwa kwenye ziara ya Lollapalooza, na kundi la rap la A Tribe Called Quest wako ziara hiyohiyo, akamkutanisha kijana na Q-Tip, rapa wa kundi hilo. Kuanzia hapo mambo yakaenda mbio.

1995 kuna The Pharcyde na wimbo wa "Runnin'", pale Dilla alichukua gitaa la kibosanova, ule muziki wa Brazil, la Luiz Bonfá na saksofoni ya Stan Getz kutoka santuri ya 1963, akakata, akapanga upya, ukiambiwa vile ni vitu vya zamani huamini. 1996 kundi la De La Soul na "Stakes Is High". Mwaka huohuo yeye na Q-Tip na Ali Shaheed Muhammad, DJ wa Tribe, wakaanza kusaini kazi kwa jina moja la The Ummah, ndiyo, ni umma huuhuu tunaousema sisi, na kwa jina hilo wakatengeneza albamu ya Tribe ya Beats, Rhymes and Life ambayo iliteuliwa Grammy. Sasa fikiria mtu ananunua ile kaseti, anasoma The Ummah, atajuaje kwamba kuna kijana wa miaka 22 wa Detroit kakaa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake usiku kucha anapiga zile biti? Wengi walidhani ni Q-Tip. Mwaka 2000 rapa Common akatoa "The Light", yenye sampuli, yaani kipande kilichokatwa kutoka wimbo wa Bobby Caldwell, Dilla tena, na mwimbaji Erykah Badu "Didn't Cha Know", Dilla tena.

Upande wa kuchana, ndiyo, alikuwa rapa toka mwanzo. Slum Village alikuwa anachana na wenzake, albamu yao ya kwanza ilizunguka kwa kaseti za kudurufu huko Detroit kuanzia 1997, ya pili Fantastic, Vol. 2 ikasubirishwa maana lebo waliyosaini, A&M, ilifungwa, ikaja kutoka 2000. Mwaka 2001 akaacha jina la Jay Dee kwa sababu watu walikuwa wanamchanganya na prodyuza Jermaine Dupri anayejiita JD, akawa J Dilla, na akatoa Welcome 2 Detroit kwa lebo ya BBE ya London. Hii naipenda kuliko zote, ndani yake kuna bosanova, kuna wimbo wa Donald Byrd, mpiga tarumbeta wa jazi, umepigwa upya, kuna "African Rhythms" ya bendi ya Oneness of Juju, kaonyesha kila kilichokuwa kichwani.

Halafu ikaja ile albamu ya lebo ya MCA. Lebo kubwa ikamsaini, na yeye akaamua jambo ambalo mpaka leo watu wanashangaa: akasema kwenye albamu hii mimi ni rapa, biti nyingi zipigwe na wengine, akawaita Pete Rock, Madlib, Nottz, Karriem Riggins. Prodyuza bora wa kizazi chake anataka asikike mdomo! Lebo ikaiweka kabatini, MCA yenyewe 2003 ikamezwa na lebo ya Geffen, albamu ikatoka 2016 kwa jina The Diary, mwenyewe keshafariki miaka kumi. Kwa uchungu ule ndo akarekodi Ruff Draft, ikatoka kwa santuri tu mwaka 2003, chafu chafu, sauti kama imetoka kwenye kaseti ya gari, na hapo anachana kwa hasira nzuri. Mwaka huo pia Champion Sound na Madlib, wakijiita Jaylib, huyu anachana juu ya biti za yule na yule juu ya za huyu. Wapo wanaosema hakuwa na mistari mizito. Kweli hakuwa mtu wa falsafa, alikuwa anaongelea magari na madem na Detroit, ila sikiliza anavyokalisha silabi, anachelewa palepale kiki yake inapochelewa, mdomo wake ulikuwa dramu nyingine. Mimi siwezi kuutenganisha na biti.

Ni kweli albamu ya Donuts Dilla aliitengeneza yote akiwa kitandani hospitali? Msomaji, Mwanza.

Hadithi hiyo imezunguka sana, ila si kweli yote. Kilichopo ni hiki: Donuts ilianza kama CD fupi ya biti, zile alizokuwa anatengeneza na kuwagawia watu wasikilize wachague, watu wa lebo ya Stones Throw wakaisikia wakaona hii ni albamu, na Jeff Jank wa lebo hiyo akafanya kazi ya kuirefusha huku Dilla anaumwa. Kuumwa ni kweli kabisa, alikuwa na TTP, ugonjwa wa damu unaoziba mishipa midogo, na lupasi juu yake, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, alikuwa analazwa muda mrefu pale Los Angeles na mama yake hakumwacha, ameeleza mwenyewe jinsi alivyokuwa anamkanda vidole vilivyovimba ili mtoto aweze kufanya kazi. Mwishoni mwa 2005 bado alienda Ulaya kupiga shoo, kakaa kwenye kiti cha magurudumu, mama pembeni.

Albamu ikatoka 7 Februari 2006, siku ya kuzaliwa kwake anatimiza miaka 32. Siku tatu baadaye, tarehe 10, akafariki.

Ina vipande 31, vingi havifiki dakika mbili, na cha kwanza kinaitwa outro, yaani cha kufungia, cha mwisho ndo cha kufungulia. Ukiisikiliza kwa kurudiarudia mwisho unaingia mwanzo bila mshono, mviringo kama donati. Anza na "Don't Cry" ukiwa peke yako: kwanza anaucheza wimbo wa The Escorts kama ulivyo, halafu anaukatakata vipande vidogo mbele ya masikio yako, unasikia kabisa kabla na baada.

Vifaa vyake viko wapi sasa?

MPC3000 yake na sintesaiza yake ya Moog, kinanda cha kielektroniki, ziko Washington, kwenye makumbusho ya Smithsonian ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, yaliyofunguliwa 2016. Mama yake ndiye aliyezitoa.