Re: Wapi pa kupanda kilima chenye msitu karibu na Dar?

Mkuu, umeuliza pa kutembea msituni kwa miguu bila kulala njiani. Nenda Pugu. Panda daladala hadi Gongo la Mboto, kisha chukua ya Kisarawe. Msitu wa hifadhi ya Pugu-Kazimzumbwi uko hapo hapo mpakani mwa jiji na Mkoa wa Pwani. Unasimamiwa na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), kwa hiyo lipia kiingilio na uombe mwongozaji, maana njia zinagawanyika sana.

Ukiwa na siku moja tu, usikose mapango ya machimbo ya zamani ya udongo mweupe wa kaolini. Jioni jua likizama, popo hutoka kwa makundi makubwa, na mimi huwa nasimama tu, siongei. Beba tochi.

Usiku msitu huu ni wa komba. Mmoja wao, komba mdogo wa Rondo, hafiki hata gramu 100 na yuko hatarini kutoweka. Anaishi kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania, na hiki ni kimojawapo. Ndiyo maana naumia nikiona mkaa unachomwa kule.

Masika usiende na kandambili, udongo unateleza vibaya.