Mzee mstaafu anataka kusoma sheria ili akili isilale: mpe kifungu kimoja kwa wiki

Mkuu, umeuliza kama baba yako, mwalimu mstaafu wa miaka 71, anaweza kujifunza sheria kwa ajili ya kuchangamsha akili tu, na aanzie wapi bila kurudi chuo. Anaweza. Fumbo la gazetini ukishalijaza limekwisha, lakini kifungu cha sheria unakirudia mara ya tano na bado kinakutolea jambo ambalo hukuliona. Ila asianze kwa kukusanya rundo la sheria na kusoma kuanzia kifungu cha 1 hadi mwisho. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na wiki ya pili makaratasi yako juu ya kabati. Kipimo kinachofaa ni kifungu kimoja kwa wiki, pamoja na hukumu moja iliyokitafsiri.

Kabla ya yote, akapime macho. Maandishi ya sheria yamebanana, na mzee asiyeona vizuri atadhani akili imechoka kumbe ni miwani. Sheria na hukumu zinapatikana bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Mchapishie kurasa anazohitaji tu, kwa herufi za ukubwa wa 14 au 16, upande mmoja wa karatasi, ili ule mweupe aandikie. Awe na daftari kubwa la kaunta na kalamu za rangi mbili. Dakika 40 asubuhi zinatosha. Akizidisha ataanza kusoma bila kuelewa.

Siku ya kwanza aijue sheria kama fundi anavyoijua nyumba. Juu kuna jina refu, linaloeleza sheria imetungwa kwa ajili ya nini. Kisha jina fupi, tarehe ya kuanza kutumika, na kifungu cha tafsiri ya maneno. Hiki cha tafsiri wasomaji wapya wanakiruka, na ndicho kinachowaangusha, maana neno la kawaida linaweza kupewa maana nyembamba au pana kuliko ya mtaani. Baada ya hapo zinakuja sehemu, vifungu, vifungu vidogo, aya, na mwishoni majedwali. Kwenye Katiba tunasema ibara badala ya kifungu. Maelezo mafupi ya pembeni yamsaidie kutafuta, asijengee hoja juu yake.

Kitabu chake cha kanuni za mchezo kiwe Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1 ("Sura" hapa ni namba ya sheria nzima katika mkusanyo wa sheria za nchi). Asiisome yote. Achukue kifungu cha 53, kinachotofautisha "shall" na "may": la kwanza ni lazima, la pili ni hiari. Halafu kifungu cha 60, cha kuhesabu siku, ambacho ni zoezi zuri kweli. Tuseme umepewa siku 30 kuanzia tarehe 7 Juni. Tarehe 7 yenyewe haihesabiwi, kwa hiyo siku ya 30 ni tarehe 7 Julai. Lakini hiyo ni Sabasaba, sikukuu ya umma, basi muda unasogea hadi tarehe 8, na kama tarehe 8 ni Jumamosi au Jumapili, unasogea tena. Sasa badilisha maneno: taarifa itolewe "si chini ya siku 14" kabla ya mkutano. Hapa siku ya taarifa na siku ya mkutano zote hazihesabiwi. Taarifa ikitoka tarehe 1 Juni, mkutano wa mapema kabisa ni tarehe 16. Wengi wanasema 15. Mwambie achore siku kwenye kalenda ya ukutani, asihesabu kichwani mpaka azoee.

Kifungu cha kwanza cha kuchambua kwa kina, mimi ningempa cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, Sura ya 29, kuhusu mgawanyo wa mali ndoa inapovunjika. Kila mtu mtaani anadhani anakijua, na wengi watakuambia sheria inasema nusu kwa nusu. Haisemi hivyo. Akinakili kwa mkono, kila sharti mstari wake, ataona. Kifungu kidogo cha (1) kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana wakati wa ndoa, tena kwa juhudi za pamoja. Hayo ni masharti mawili, na yote lazima yatimie. Cha (2) kinataja mambo manne ya kuangaliwa: mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Kabla ya aya ya mwisho kuna "na", kwa hiyo yote yanaangaliwa. Ndani ya aya ya mchango kuna "au", kwa hiyo kimoja kati ya vitatu kinatosha. Azungushie "na" kwa rangi moja na "au" kwa nyingine. Halafu sheria inasema mahakama *ielekee* kwenye usawa, tena kwa kuzingatia hayo manne. Kuelekea Morogoro si kufika Morogoro.

Kifungu kidogo cha (3) ndicho kitamu zaidi. Mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa inaingia kwenye mgawanyo kama imeboreshwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake, au na wote wawili. Je, kupaka rangi ni kuboresha kwa kiasi kikubwa? Kupiga plasta? Kuongeza vyumba viwili na choo cha ndani? Mwache abishane na mama hapo hapo barazani.

Sasa, neno "kazi" katika aya ya mchango: kupika, kufua na kulea ni kazi? Aandike jibu lake na sababu tatu *kabla* ya kufungua hukumu. Ukisoma jibu kwanza, zoezi limekufa. Kisha asome Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983, iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mahakama ilijiuliza sheria ilitungwa kuondoa kasoro gani, ikachukua maana pana: kazi za nyumbani za mke ni mchango. Lakini asiishie hapo, kwa sababu Bi Hawa hata hivyo alishindwa rufaa yake. Mumewe alikuwa amempa fedha za mradi wa familia, akazitumia ovyo, na mahakama ikaona fungu lake ameshalipata. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akashindwa. Mzee akiweza kukueleza tofauti hiyo bila kuangalia karatasi, ameanza kusoma hukumu.

Kukueleza bila kuangalia ndiyo kazi yenyewe. Kusoma mara kumi kunampa mtu hisia kwamba anajua. Kukumbuka kwa kujilazimisha ndiko kunakokaza. Afunge daftari, aeleze kifungu kwa mdomo, afungue, asahihishe. Arudie baada ya siku 3, halafu baada ya wiki 2. Akipata mwenzake, mmoja amtetee mrufani, yaani aliyekata rufaa, na mwingine mjibu rufani, yaani upande wa pili, kisha wabadilishane pande.

Kuna makosa mawili ya kuchunga. Kwanza, toleo. Namba nilizotaja ni za Toleo la 2019 la mkusanyo wa sheria. Toleo la Urekebu la 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na namba za vifungu zinaweza kuwa zimehama. Aandike toleo juu ya kila ukurasa. Pili, asianze na mgogoro wa shamba la ukoo wenu. Penye hasira mtu hasomi, anatafuta silaha. Na majirani wakimletea karatasi awaandikie kwa malipo, akatae; hiyo ni kazi ya mawakili, na Sheria ya Mawakili ina adhabu kwa anayeifanya bila sifa.

Zoezi hili si dawa. Akianza kupotea njia anayoijua au kusahau majina ya wajukuu, mpeleke hospitali, usimwongezee vifungu.

Wiki ya tano au ya sita, akishazoea, mpe kifungu cha 8(5) cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999: halmashauri ya kijiji isigawe ardhi bila idhini ya awali ya mkutano mkuu wa kijiji. Sentensi moja fupi. Muulize: idhini ikitolewa mwezi mmoja baada ya kugawa, neno "awali" linasemaje?