Maswali ya Wasomaji: Nenda Maktaba Ukiwa na Swali Lako

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu mafunzo ya stadi za utafiti ambayo maktaba za vyuo vikuu huwaandalia wanafunzi. Tumechagua tano na kuzifupisha pale ilipobidi.

SWALI: Mhariri, niko mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Unguja na ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu wakulima wa mwani na mabadiliko ya tabianchi. Tulipokuwa mwaka wa kwanza tulipelekwa maktaba, tukaonyeshwa rafu, katalogi ya kompyuta na hifadhidata za majarida, lakini leo sikumbuki hata kimoja. Nikitafuta mtandaoni ninapata maelfu ya makala, na nyingi hazihusu Zanzibar. Je, kuna maana ya kuhudhuria tena warsha hiyo?
Mwanafunzi, Unguja

JIBU: Ipo maana kubwa, na safari hii utafaidika zaidi kwa sababu unakwenda na swali lako mwenyewe. Mafunzo ya mwaka wa kwanza hutolewa wakati mwanafunzi bado hana anachokitafuta, ndiyo maana hayakai kichwani, wala hilo si kosa lako. Kwa maoni yangu, wakati unaofaa hasa ni kabla pendekezo halijakamilika, mada ikiwa bado inaweza kupunguzwa, kupanuliwa au hata kuachwa, kwa kuwa ukishaidhinishiwa mada, maktaba inabaki kuwa mahali pa kutafutia marejeleo ya kujazia sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko.

Mkutubi anayeijua kazi yake hataanza na kompyuta. Atakuuliza kwanza: mwani upi, wakulima gani, pwani ipi, kipindi gani? Tulichukue swali lako tuone linavyobadilika. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika kutafuta takwimu za mavuno za miaka ya 1970. Wakulima walio wengi ni wanawake, na hilo linakupeleka kwenye maandiko ya jinsia na uchumi wa kaya, mbali na yale ya sayansi ya bahari. Tena zipo aina mbili zilizozoeleka: ile ambayo wakulima huiita spinosum, ambayo katika majarida huandikwa Eucheuma denticulatum, na ile wanayoiita cottonii, yaani Kappaphycus alvarezii. Cottonii ndiyo yenye bei nzuri zaidi, na ndiyo inayoshindwa kustahimili joto la maji ya kina kifupi. Ukishayajua hayo, mada yako haiwi tena mwani na tabianchi kwa jumla. Unaweza kuuliza, kwa mfano, wanawake wa kijiji fulani waliokosa cottonii wamefanya nini ili kulinda kipato chao.

Hapo ndipo mtakapofungua hifadhidata. Katika ukurasa wa utafutaji wa kina utakuta visanduku kadhaa. Kisanduku cha kwanza andika Kappaphycus OR Eucheuma OR cottonii OR spinosum. Cha pili andika Zanzibar OR Unguja OR Pemba. Kisha uviunganishe kwa AND. OR hupanua utafutaji, kwa maana kwamba makala inaletwa hata kama mwandishi ametumia jina moja tu kati ya hayo, na AND huubana kwa kubakiza zile zenye angalau jina moja kutoka kila kisanduku. Maelfu yale yatashuka hadi idadi ambayo mtu mmoja anaweza kuisoma. Ukiona zimebaki chache mno, badilisha kisanduku cha pili uweke Tanzania au Kenya, au uangalie Indonesia na Ufilipino, ambako aina hizohizo hulimwa kwa wingi, ili upate cha kulinganisha.

Ukipata makala moja nzuri, isome kwa kwenda pande mbili. Kwanza rudi nyuma kwenye orodha yake ya marejeleo, kisha nenda mbele uone ni akina nani wameinukuu tangu ilipochapishwa, jambo ambalo Google Scholar hulionyesha chini ya kila makala. Andika kila unachokifanya katika daftari: tarehe, hifadhidata, maneno uliyotumia na idadi ya makala ulizopata. Msimamizi akikuuliza umejuaje kwamba jambo hilo halijatafitiwa, daftari hilo ndilo litakalokujibia.

Na kwa kuwa uko Unguja, usisahau yaliyo karibu nawe. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapohapo kisiwani, na jarida la Western Indian Ocean Journal of Marine Science linasomwa bila malipo.

SWALI: Ninasoma shahada ya uzamili Mwanza. Makala ninazozihitaji mara nyingi hudai malipo ya dola, na mimi sina uwezo huo. Mwenzangu aliambiwa katika warsha ya maktaba kwamba yapo majarida ya kulipiwa ambayo sisi tunaweza kuyasoma bure. Ni kweli?
Mwanafunzi wa uzamili, Mwanza

JIBU: Ni kweli, na inasikitisha kwamba wanafunzi wengi humaliza masomo bila kulijua hilo. Upo mpango uitwao Research4Life, ambao kupitia kwake wachapishaji huzifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida na vitabu vyao bure au kwa ada ndogo. Ulianza na Hinari mwaka 2002 kwa ajili ya afya, chini ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka uliofuata ikaja AGORA ya kilimo, chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Zikafuata OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na ubunifu, na mwaka 2018 GOALI ya sheria. Pamoja na mpango huo, vyuo vyenyewe hushirikiana kulipia hifadhidata kwa pamoja. Tanzania wanafanya hivyo kupitia muungano wa maktaba uitwao COTUL, na Kenya kupitia ule uitwao KLISC.

Jambo la kuzingatia ni kwamba haki hiyo hupewa taasisi, si mtu binafsi. Ukiingia kwenye tovuti ya mchapishaji ukiwa nyumbani, tovuti haikutambui kuwa wewe ni wa chuo fulani, hivyo inakudai kama mpita njia yeyote. Mwulize mkutubi mambo mawili: chuo chetu kimesajiliwa wapi, na ninaingiaje nikiwa nje ya chuo? Majibu hutofautiana kati ya chuo kimoja na kingine, na ndiyo sababu warsha ya chuo chako haiwezi kuchukuliwa nafasi na video ya chuo cha ng'ambo.

Iwapo makala bado imefungwa, angalia kama mwandishi ameiweka katika hazina ya kidijitali ya chuo chake, au mwandikie barua pepe fupi ya heshima ukimwomba nakala. Watafiti wengi hufurahi kusomwa. Pitia pia African Journals Online, maarufu kama AJOL, iliyoanzishwa mwaka 1998 na yenye makao yake Afrika Kusini. Humo mna majarida mengi ya bara letu ambayo huwezi kuyaona ukitegemea hifadhidata za Ulaya na Marekani peke yake.

SWALI: Je, ni lazima kujifunza programu ya kupanga marejeleo? Mimi ninaandika kwa mkono kwanza.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Si lazima, lakini tasnifu yenye marejeleo mengi itakuchosha bila programu hiyo. Zotero, iliyotoka mwaka 2006, ni ya bure na inatosha. Kagua tu inachokuandikia, hasa majina ya Waswahili yenye sehemu tatu, kwa maana programu hizi hukosea mara kwa mara jina lipi litangulie.

SWALI: Kijana wangu yuko chuo kikuu na ananiambia kwamba hana haja ya maktaba, kwa kuwa programu ya akili unde humpa maelezo na marejeleo kwa dakika moja. Mimi si msomi mkubwa, lakini moyo wangu unasita. Nimwambie nini?
Mzazi, Kisii

JIBU: Mzee wetu, unasita kwa haki. Programu hizi zinaweza kusaidia kueleza dhana ngumu au kupendekeza maneno ya kutafutia, na sioni ubaya mwanafunzi akizitumia hivyo pale chuo chake kinaporuhusu. Hatari iko kwenye marejeleo. Programu inaweza kutunga makala isiyokuwepo, ikaipa mwandishi halisi, jina la jarida halisi, mwaka na kurasa, na vyote vikaonekana sahihi. Mwombe kijana wako achukue marejeleo matano aliyopewa, akayatafute moja moja mbele yako: aingize mtandaoni DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha makala, aone inafungua makala ipi, kisha afungue tovuti ya jarida, toleo hilohilo na kurasa hizohizo. Yale yatakayopatikana, ayasome mwenyewe kabla ya kuyanukuu. Jina linalowekwa kwenye jalada la tasnifu ni lake, na atakayesimama mbele ya watahini ni yeye.

SWALI: Mimi ni mkutubi katika chuo kimoja cha Mbeya. Kila muhula tunatangaza mafunzo ya stadi za utafiti, tunaandaa chumba na kompyuta, lakini wanakuja wachache, na waliohitaji zaidi hawaonekani. Tufanyeje?
Mkutubi, Mbeya

JIBU: Mwenzetu, kazi yenu ni kubwa kuliko inavyothaminiwa, na majengo peke yake hayawezi kuifanya. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa Novemba 2018, ilijengwa iweze kuchukua watu 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000; ni hazina ya kujivunia, lakini hata humo mwanafunzi asiyejua kutafuta atatoka mikono mitupu.

Ushauri wangu ni kuacha kutegemea matangazo ya ubaoni. Mtafuteni mhadhiri mmoja anayefundisha mbinu za utafiti, mmwombe kipindi kimoja ndani ya ratiba yake, wiki ambayo wanafunzi wanaandika mapendekezo yao, naye awepo darasani. Wanafunzi huona umuhimu wa jambo wanapomwona mwalimu wao ameketi analisikiliza. Gaweni darasa katika makundi madogo, na msitumie mfano mmoja wa kudumu kwa wote. Kila mwanafunzi afike na mada yake imeandikwa kwa sentensi moja, na aondoke na makala tatu alizozipata mwenyewe. Wasomao historia waonyesheni rafu za DT 436 hadi 449, ambako vitabu vya Tanzania huwekwa katika maktaba zinazofuata mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani, na wa Kiswahili muwapeleke PL 8701 hadi 8704. Wakishika vitabu hivyo kwa mikono yao wataielewa katalogi upesi kuliko kwa maelezo ya skrini.

Baada ya wiki mbili, mwombeni mhadhiri awape nafasi ya kuyaona marejeleo ya mapendekezo yaliyowasilishwa. Mtajua hapo ni kipi kimeeleweka, na mtapata cha kumwonyesha mkuu wa idara wakati wa kuomba kwamba kipindi hicho kiingizwe rasmi katika ratiba ya mwaka ujao.